Jinsi Tulivyojenga Lugha ya Kompyuta kwa Mikono Yetu



Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike somo litakalowafaa wenzangu, wala si hadithi ya kujisifu. Nimechagua kueleza jinsi sisi wanachama wa chama cha kompyuta tulivyojenga na kusimika lugha ya kompyuta iitwayo Lua, tangu maandishi yake ya asili mpaka ikatujibu katika mashine zetu kuukuu. Kazi yenyewe haikuwa kubwa sana. Lakini ilinifundisha mambo niliyokuwa nikiyasema kwa mdomo bila kuyajua, na moja katika hayo lilinitia haya, kama mtakavyoona.

1. Kwa nini tulitaka kujenga

Chumba chetu kina mashine 12. Mashine 3 ni mpya kidogo, nazo hutumiwa na wale wanaojiandaa kwa mitihani. Mashine 9 zilizosalia tulipewa zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi kwingineko. Prosesa zake ni za biti 32, na chumba hakina intaneti. Mwanzoni mwa muhula wa pili wa mwaka 2024, Mkuu wa Shule alitangaza kwamba ikiwa mashine hizo 9 hazitafundisha mtu kitu hata muhula uishe, zitauzwa kama chuma chakavu, na chumba kitakuwa ghala ya madawati.

Jambo hilo lilitusikitisha, hasa kwa ajili ya wadogo zetu wa vidato vya chini. Wao walikuwa wakiziona kompyuta kwa kupitia dirishani tu. Tukakata shauri kuwafundisha kuandika programu kwa mashine hizo hizo.

Mwenzetu mmoja alikuja na flashi yenye Lua iliyo tayari. Tukainakili katika mashine ya kwanza, tukaiita kwa jina lake. Mashine ikajibu kwa Kiingereza:

cannot execute binary file: Exec format error

Maana yake ni kwamba faili hii ni programu, lakini umbo lake si umbo ninaloweza kulitenda. Tukajaribu mashine ya pili na ya tatu, jibu likawa lile lile. Hapo ndipo Mwalimu wetu wa hesabu alipotuambia, "Msitafute shati jingine la tayari. Tafuteni kitambaa."

2. Shati la tayari na kitambaa

Maneno hayo ya Mwalimu yafaa kuelezwa vizuri, maana ndani yake mna kiini cha somo hili.

Prosesa ya kompyuta haijui Kiswahili wala Kiingereza. Yajua amri fupi fupi tu zilizoandikwa kwa tarakimu: chukua namba hii, ijumlishe na ile, weka jibu mahali fulani. Hiyo ndiyo lugha ya mashine. Tena kila ukoo wa prosesa una amri zake. Prosesa za biti 64 za ukoo uliotumika sana katika kompyuta za mezani zilianza kuuzwa mwaka 2003, nazo zina amri ambazo ndugu zake wa biti 32 hawazijui kabisa. Faili iliyokuwamo katika flashi ilitengenezwa kwa prosesa za biti 64. Ilikuwa shati lililokwisha kushonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Ukiwa na bahati litakutosha. Usipokuwa na bahati, halivaliki, wala huna la kufanya.

Lakini mtu aliyeitunga programu hakuiandika kwa tarakimu. Aliiandika kwa lugha ambayo mtu aweza kuisoma, na katika habari ya Lua, lugha hiyo ni C. Maandishi hayo ndiyo yaitwayo msimbo chanzo. Hicho ndicho kitambaa. Programu igeuzayo maandishi hayo kuwa lugha ya mashine yaitwa kompaila, nayo ndiyo fundi wa cherehani. Ukimpa fundi kitambaa hicho hicho katika mashine ya biti 32, atashona shati la biti 32. Ukimpa katika mashine ya biti 64, atashona la biti 64. Kitambaa ni kimoja, mashati ni mengi.

3. Lua ni nini, nayo imetoka wapi?

Lua ilizaliwa mwaka 1993 huko Brazili, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro. Waliounda lugha hiyo ni watu watatu: Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Jina lake ni neno la Kireno, maana yake ni mwezi. Kabla yake walikuwa na lugha ndogo waliyoiita SOL, na neno hilo kwa Kireno ni jua. Basi baada ya jua ukaja mwezi.

Sababu ya kuzaliwa kwake yatuhusu sisi pia. Tangu mwaka 1977 hata 1992, serikali ya Brazili iliweka vizuizi vikubwa juu ya kompyuta na programu zitokazo nchi za nje, kwa nia kwamba Wabrazili wajitengenezee vyao wenyewe. Waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya chuo kile walizoea kutonunua chombo kigeni, bali kukiunda. Lua ni tunda la mazoea hayo. Leo hii lugha hiyo iliyotoka katika nchi ambayo watu wachache walitazamia chombo cha namna hiyo hutumiwa duniani kote. Imo ndani ya mchezo wa World of Warcraft, imo katika programu ya picha ya Adobe Lightroom, na tangu mwaka 2013 imekuwa ikitumiwa kupanga kurasa za Wikipedia.

Tuliichagua kwa sababu tatu. Kwanza, ni ndogo: msimbo wake ni mistari kama 30,000 ya C, na kifurushi chake kikibanwa hakifikii hata nusu ya megabaiti. Pili, imeandikwa kwa C ya kawaida, hivyo haichagui mashine. Tatu, ruhusa yake ni pana. Tangu mwaka 2003, toleo la 5.0 lilipotoka, mtu yeyote ana haki ya kuichukua, kuibadili na kuigawa bila malipo, maadamu anaacha tangazo la wenye kuiunda mahali pake.

4. Vitu vinavyotakiwa

Kabla ya kuanza kazi, tuliweka tayari vitu vitatu.

Cha kwanza ni kompaila. Sisi tulitumia ile iitwayo gcc. Cha pili ni msimamizi wa kazi aitwaye make, ambaye nitamweleza baadaye. Vyote viwili vilikuwamo katika diski ya mfumo wa Linux, na Mwalimu ndiye aliyevisimika. Ukiita make nawe huna, mashine itasema command not found, na kazi itaishia hapo.

Cha tatu ni kifurushi cha msimbo chanzo. Sisi tulipata lua-5.4.6.tar.gz, toleo lililotolewa mwaka 2023. Mwalimu alikichukua mjini penye intaneti, akakileta katika flashi. Pamoja nacho alileta kipande cha karatasi ambacho juu yake alikuwa amenakili mstari mrefu wa herufi na tarakimu 64. Tulidhani ni nywila. Kumbe ni alama ya kuhakiki. Waliotoa kifurushi huchukua faili nzima na kuipitisha katika hesabu fulani itoayo mstari huo. Hata ikibadilika herufi moja tu ndani ya faili, mstari hubadilika wote. Ukiandika

sha256sum lua-5.4.6.tar.gz

mashine yako itapiga hesabu ile ile na kukuonyesha jibu. Yakilingana na yale ya karatasi, wajua kwamba faili haikuharibika njiani wala haikuchezewa baada ya alama ile kutolewa. Tulisoma kwa sauti, mmoja mashine, mmoja karatasi, nne nne, mpaka mwisho. Yalilingana.

5. Hatua za kazi

Hatua ya kwanza: kufungua kifurushi na kuingia ndani yake.

tar zxf lua-5.4.6.tar.gz
cd lua-5.4.6

Ndani utaona folda ya doc yenye maelezo, folda ya src yenye msimbo, faili iitwayo README, na faili iitwayo Makefile. Nawasihi msome README kwanza. Wengi huiruka, kisha hushinda mchana kutwa wakitafuta jambo ambalo lilikwisha kuandikwa humo.

Hatua ya pili: kujenga na kujaribu.

make all test

Hapa yafaa nimweleze make. Msimbo wa Lua umegawanywa katika faili zaidi ya 30. Kila faili ya C hugeuzwa peke yake kuwa kipande cha lugha ya mashine, lua.c huwa lua.o, llex.c huwa llex.o, na kadhalika. Kisha vipande vingi hufungwa pamoja kuwa liblua.a, na mwishoni lua.o huunganishwa na furushi hilo kuwa programu moja iitwayo lua. Hiyo ni kama kushona mikono, kola na mgongo mbali mbali, kisha kuviunganisha kuwa shati.

Mtu angeweza kumwamuru gcc afanye kila kipande kimoja kimoja, lakini angechoka na kukosea. Makefile ni orodha ya kanuni za namna hii: kipande fulani hutokana na faili fulani, na amri ya kukitengeneza ni hii. Naye make husoma orodha, hutazama kipi hakipo au kimepitwa na wakati, kisha humwita gcc kwa hicho tu. Atajuaje kwamba kipande kimepitwa na wakati? Hulinganisha saa na tarehe za faili. Ikiwa lua.c ni mpya kuliko lua.o, hujua kwamba maandishi yalibadilishwa baada ya kushonwa, naye hushona upya. Ikiwa lua.o ndiyo mpya, huiacha. Tafadhali likumbukeni neno hili, maana ndilo lililoniumbua.

Mwishoni, neno test huiita programu iliyojengwa ijitaje. Ilijitaja kuwa Lua 5.4.6, nasi tukapiga makofi.

Hatua ya tatu: kusimika.

make install

Hapa tulikataliwa: Permission denied. Kujenga si kusimika. Kujenga hufanyika ndani ya folda yako mwenyewe. Kusimika ni kunakili programu mahali pa watu wote, yaani /usr/local, ambapo mwanafunzi hana ruhusa ya kuandika. Mwenye mamlaka ya mashine huandika sudo make install na kutoa nywila yake. Lakini asiye na mamlaka naye ana njia yake:

make install INSTALL_TOP=$HOME/lua

Amri hii husimika katika folda ya mtumiaji mwenyewe. Kisha huna budi kuiambia mashine itafute programu huko pia:

export PATH="$HOME/lua/bin:$PATH"

Wala usiifute folda ya msimbo baada ya kusimika, kwa kuwa siku utakapotaka kuiondoa Lua, utaandika make uninstall kutoka humo humo, ukitaja tena INSTALL_TOP kama uliitumia.

6. Kosa langu

Siku ya Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024, Mwalimu alirekebisha saa ya mashine ya kwanza, tukajenga Lua kama nilivyoeleza. Usiku mashine zilizimwa kabisa. Jumamosi asubuhi tulikuja na shauri jipya. Lua ikifunguliwa huonyesha alama > na kungoja. Tuliona afadhali wadogo zetu wakaribishwe kwa neno la Kiswahili. Katika faili ya lua.c upo mstari huu:

#define LUA_PROMPT "> "

Nilimpa kazi hiyo mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, kijana mpole. Aliubadili uwe hivi:

#define LUA_PROMPT "sema> "

Akahifadhi faili, nami nikaita make. Maneno yakapita kiooni haraka, na katika hayo nikaona Nothing to be done, yaani hakuna la kufanya. Nikafungua Lua. Alama ikawa ile ile ya zamani.

Nikamgeukia yule kijana. "Hukuhifadhi faili," nikamwambia.

"Nimehifadhi, kaka. Tazama."

Akaifungua faili, na neno sema limo. Nikasema basi amefungua nakala nyingine, na kwamba ametupotezea asubuhi yote, na kwamba kazi ya wakubwa si ya kuchezea. Hakujibu neno. Alisimama kando ya ukuta. Mimi nikaita make mara ya pili, ya tatu na ya nne, na kila mara jibu lilikuwa lile lile.

Mwalimu aliingia, akatusikiliza, kisha akauliza, "Saa ngapi sasa?"

"Saa tatu na dakika ishirini," akajibu mmoja.

"Hiyo ni saa ya mkononi mwako. Mashine yasemaje?"

Tukaandika date. Mashine ikasema kwamba tuko mwaka 2019.

Sasa, wasomaji, tazameni jinsi mambo yalivyokuwa. Kila kompyuta ya mezani ina betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayoendesha saa wakati mashine imezimwa. Betri ya mashine yetu ilikuwa imekufa, kwa hiyo saa ilirudi nyuma usiku. Vipande vyote vya Ijumaa vilikuwa na tarehe ya 2024. Faili ya lua.c, iliyohifadhiwa na yule kijana asubuhi ile, ikapewa tarehe ya 2019. Make alipolinganisha, aliona maandishi ni ya zamani na kipande ni kipya, akaamua kwamba hakuna la kufanya. Kwa kanuni yake hakukosea hata kidogo.

Tena kuna jambo baya zaidi. Make alikuwa ametuonya. Katika maneno yale yaliyopita haraka, kila mara niliyomwita, mwishoni mlikuwamo mstari huu:

warning: Clock skew detected. Your build may be incomplete.

Yaani, saa haziafikiani, na huenda kazi yako haikukamilika. Mara nne mashine iliniambia ukweli, nami mara nne nilitazama bila kusoma. Yule kijana naye aliniambia ukweli, nami sikumsikiliza, kwa kuwa ni mdogo.

Dawa ilikuwa rahisi. Mwalimu alirekebisha saa, kisha tukaigusa faili ili ipewe tarehe ya sasa, maana kurekebisha saa peke yake hakubadili tarehe zilizokwisha kuandikwa:

sudo date -s "2024-06-15 09:25"
touch src/lua.c
make

Safari hii make alishona lua.o peke yake, akaunganisha, akamaliza kabla hatujakaa. Tukafungua Lua, na mbele yetu likatokea neno sema>. Nikamwomba yule kijana radhi mbele ya wote, kwa kuwa nilimkaripia mbele ya wote. Kisha nikamwachia kiti, akaandika programu ya kwanza kabisa katika mashine ile, nayo ni jedwali la saba:

for i = 1, 12 do print(7 * i) end

Wahenga walinena, haraka haraka haina baraka. Jumatatu yake tulinunua betri mpya 9.

7. Je, tungebadili maneno yote?

Baada ya hapo palikuwa na mjadala. Wengine walisema, kama twaweza kubadili alama, kwa nini tusibadili na maneno yenyewe ya Lua, tuseme kama badala ya if, na rudia badala ya repeat? Jambo hilo lawezekana. Lua toleo la 5.4 ina maneno 22 ya namna hiyo, na yote yameorodheshwa mahali pamoja katika faili ya llex.c.

Wengine wakapinga. Walisema kwamba mtoto atakayejifunza maneno yetu hataweza kusoma kitabu chochote cha Lua, wala programu ya mtu wa nje haitatenda katika mashine yetu, wala yetu katika ya kwao. Tutakuwa tumejenga nyumba nzuri isiyo na barabara. Upande wa kwanza ukajibu kwamba mtoto akielewa wazo kwa lugha anayoisikia vizuri, atajifunza baadaye maneno ya kigeni 22 kwa juma moja.

Mimi naliona neno katika kila upande. Mwisho tuliafikiana hivi: maneno ya lugha yabaki yalivyo, lakini alama ya kukaribisha na daftari la mafunzo viwe vya Kiswahili. Lililonifurahisha ni kwamba tulikuwa na haki ya kubishana. Mwenye shati la tayari habishani juu ya kola.

8. Fundi wa kwanza alitoka wapi?

Msomaji mwerevu ataniuliza: gcc nayo ni programu, je, nani aliijenga? Jibu ni kwamba kompaila hujengwa kwa kompaila iliyotangulia. Zamani za kwanza hapakuwa nayo, na watu waliandika amri za mashine kwa mikono. Mwaka 1952 mama mmoja wa Marekani, Grace Hopper, aliunda programu iitwayo A-0, ambayo huhesabiwa kuwa miongoni mwa mwanzo wa kompaila. Mwaka 1957 kikundi cha John Backus katika kampuni ya IBM kilitoa kompaila ya lugha ya FORTRAN. Tangu hapo kila kizazi humjenga mwenzake.

Wanaojenga gcc kutoka msimbo wake huijenga mara tatu. Kwanza hutumia kompaila ya zamani kujenga mpya. Kisha hiyo mpya hujijenga yenyewe upya, na matokeo yake hujijenga tena. Halafu hulinganisha zao la mara ya pili na la mara ya tatu. Yakitofautiana, wajua kuna kosa, maana fundi yule yule akipewa kitambaa kile kile na kipimo kile kile hapaswi kutoa mashati mawili mbali mbali.

Lakini mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waliounda mfumo wa Unix, alionyesha kwamba kompaila yenye hila yaweza kutia ubaya katika programu ijapokuwa msimbo chanzo wake ni safi kabisa, na ikairithisha hila hiyo kwa kompaila zinazoifuata. Basi kujenga mwenyewe hakuondoi haja ya kuamini watu. Kwapunguza tu idadi ya wale unaowaamini kwa macho yaliyofumbwa.

9. Mwisho wa habari

Tulijenga Lua katika mashine zote 9. Ingewezekana kujenga mara moja na kunakili, kwa kuwa mashine ni za aina moja na mfumo wake ni mmoja. Lakini tuliwagawa wadogo zetu katika vikundi 9, kila kikundi kikajenga yake, ili asiwepo atakayesema kwamba aliikuta tayari. Juma la mwisho la muhula Mkuu wa Shule alikuja kutazama. Alimkuta msichana wa kidato cha kwanza akitafuta namba tasa zote zilizo chini ya 100. Alisimama nyuma yake muda mrefu. Madawati yalipelekwa kwingine.

Mwaka huu mimi nitaondoka shuleni. Mashine zile zitabaki, na siku moja zitakufa, maana ni kuukuu. Lakini kifurushi kimewekwa ofisini pamoja na karatasi ile yenye alama 64, na wapo vijana wanaojua kukifungua. Ninyi mtakaobaki, nawaomba mambo mawili tu: someni maonyo yote hata mkiwa na haraka, na akisema mdogo wenu kwamba amehifadhi faili, msadikini kwanza, kisha tazameni saa.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini programu iliyojengwa kwa prosesa ya biti 64 haikutenda katika mashine ya biti 32, ilhali msimbo chanzo wake ulifaa kwa zote mbili?
(b) Kuna tofauti gani kati ya kujenga na kusimika?
(c) Faili ya llex.c ikibadilishwa, make atashona upya vipande gani, na ataviacha vipi? Toa sababu.
(d) Alama ya kuhakiki yatuonyesha nini juu ya faili, na ni jambo gani isiloweza kutuonyesha?

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita